Uso unang'aa mchana, jioni umekauka: mafuta gani ya uso kwa mwanamume wa Mombasa

Mdogo wangu, umesema unafanya kazi bandarini Kilindini. Asubuhi uko uwanjani juani ukihesabu makontena, mchana unaingia ofisini kwenye kiyoyozi. Ikifika saa sita uso unang'aa mafuta, ukiuosha unakaza, pembeni mwa pua ngozi inabanduka, na shingoni una vipele vya kunyoa. Unataka kujua ununue mafuta gani. Walionitangulia kukujibu wamekwambia mwanamume hapaki mafuta usoni, uongeze kuosha kwa sabuni ya kuua viini, na usiku ujisugue ndimu. Usifuate hata moja kati ya hayo, na nitakueleza sababu.

Mimi ni kinyozi, niko Mwembe Tayari. Nyuso za wanaume nazishika kutwa nzima: mahamali, madereva wa tuktuk, makarani, walimu wa madrasa, mabaharia waliotoka melini. Uso kama wako ndio ninaouona zaidi hapa mjini. Kidole kikipita kwenye paji kinateleza, kikishuka mashavuni karibu na ndevu kinakwaruza. Huo ni uso wenye mafuta usio na maji, na mafuta na maji ya ngozi ni vitu viwili mbalimbali. Mafuta yanatoka kwenye tezi, na sisi wanaume tunayo mengi kwa sababu ya homoni zetu. Maji yako ndani ya tabaka la juu la ngozi, na yanayoyazuia yasitoke ni mafuta mengine, yale yaliyojipanga katikati ya seli za tabaka hilo. Ukiyaosha hayo ya katikati kwa sabuni kali, maji yanapotea hewani na ngozi inakaza, lakini tezi zinaendelea kumwaga mafuta kama jana. Ndiyo maana unang'aa na kupauka kwa wakati mmoja. Ukizidisha sabuni unazidisha upande wa ukavu tu.

Kwa hiyo kabla ya mafuta, tuanze na sabuni. Ngozi ya uso ina uchachu kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni karibu 5, na namba ikipanda uchachu unapungua. Sabuni ya kipande ya kawaida iko kati ya 9 na 10, na zile za kuua viini nyingi ni hivyo hivyo. Halafu kuna maji yetu. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa pamoja na chumvi. Sabuni ikikutana na chokaa haitoi povu, inafanya utando mweupe, ule unaouona umeganda pembeni mwa ndoo. Utando huo unabaki usoni pia, na wengine unawawasha. Nunua dawa ya kuoshea uso ya majimaji au ya jeli, isiyo kali, utumie jioni ukitoka kazini. Asubuhi maji matupu yatosha, isipokuwa kama umeamka na jasho jingi. Na kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, weka kopo moja la maji ya mfereji au ya mvua kwa kujisuuzia mwisho. Wateja wangu waliofanya hilo tu, bila kununua kitu kingine chochote, wamerudi ngozi imetulia.

Kama waswali, uso wako unapata maji mara tano kwa siku. Maji ya wudhu hayana ubaya wowote. Shida ni kutoka msikitini na uso mbichi ukaenda kuukausha chini ya kiyoyozi, maana maji yanapokauka juu ya ngozi yanaondoka na ya ndani. Baada ya kutawadha ndio wakati mzuri kuliko wote wa kujipaka: futa kidogo, uache uso na unyevu, upake hapo hapo. Wenye shaka kama mafuta yanazuia maji ya wudhu wamuulize shekhe wao. Lakini ukipaka baada ya wudhu, na ukachagua mepesi yanayoingia ngozini, sioni penye tatizo.

Sasa mafuta yenyewe. Karibu kila krimu ya uso ina vitu vya aina tatu. Kuna vinavyovuta maji, mfano glisirini, asidi ya hayaluroni na yurea. Kuna vinavyolainisha kwa kujaza nyufa za ngozi. Na kuna vinavyofunika ili maji yasitoke, mfano Vaselini na nta ya nyuki. Kinachotofautisha kopo na kopo ni vipimo. Mtu wa Limuru huko bara, kwenye baridi ya Julai, anahitaji kifuniko kizito. Wewe wa Mombasa unaishi ndani ya fukuto. Hewa yenyewe imejaa maji, glisirini inayavuta kutoka hewani na kuyaleta usoni, na kifuniko kizito kinakufungia jasho na vumbi la uwanjani tu. Lakini ukiingia kwenye kiyoyozi hewa ni kavu, na glisirini peke yake itavuta maji kutoka chini ya ngozi kuja juu, kisha yapotee. Kwa hiyo wewe, kwa kazi yako ya nusu jua nusu ofisi, unataka glisirini iwe nyingi na kifuniko kiwe chembamba. Kwa lugha ya dukani hiyo ni losheni nyepesi au jeli ya uso. Krimu nzito ya kopo si yako. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, jeli inafaa zaidi. Kusi ikiingia na mvua za Aprili, losheni itakukaa vizuri.

Geuza chupa usome nyuma. Viungo vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kwanza. Maji yatakuwa ya kwanza. Glisirini uione ya pili, ya tatu, au ya nne. Ikiwa imeandikwa mwisho kabisa baada ya manukato, iliwekwa ili itajwe tu. Seramidi na niasinamidi ukizikuta ni heri, kwani seramidi ni sehemu ya yale mafuta ya katikati niliyokueleza, na niasinamidi inasaidia madoa na ung'avu. Dimethikoni usiiogope, ndiyo kile kifuniko chembamba. Neno Parfum ukiliona mbele mbele, rudisha chupa. Manukato hayalishi ngozi kwa lolote, na ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuwasha watu nyuso.

Hapa niseme na vijana wote wa mji huu, si wewe peke yako. Ijumaa wananijia kunyolewa, na kabla hawajasimama kitini wanatoa kichupa cha attari na kujipaka shingoni, kwenye ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe. Baada ya miezi wananionyesha mabaka meusi mahali pale pale pa kidole. Attari ipake kwenye kanzu, au kwenye ndevu ndefu kama unazo. Shingo iliyonyolewa ni ngozi yenye michubuko hata kama huioni.

Majina mawili matatu kwa kuwa umeyaomba. Losheni za CeraVe na Cetaphil zisizo na manukato zinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa, na kwa hali yako zinafaa. Ni ghali kwa karani anayeanza maisha, nalijua hilo. Losheni ya mwili yenye glisirini isiyo na manukato inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, mradi isiwe na mafuta mazito. Nivea ya kopo la buluu ni nzito na ina manukato. Ipeleke mikononi na visiginoni. Vaselini na Arimis sizichukii hata kidogo, midomo na viwiko vyangu vinaishi kwa hizo, lakini uso wa Kilindini saa sita mchana si mahali pake. Mafuta ya nazi ni yetu na tunayapenda, ila kwa mwenye chunusi yanaziba vitundu. Yabaki kichwani na mwilini.

Ile chupa ndogo ya glisirini tupu ya duka la dawa ni bei nafuu na ina faida, ila usiipake kavu, itanata na kuwasha. Matone mawili kwenye kiganja kilicholowa, changanya na losheni yako, basi.

Na maandishi ya "kwa wanaume" usiyalipie. Ni kweli ngozi yetu ni nene kidogo na ina mafuta zaidi, lakini mara nyingi kilichoongezwa ndani ya chupa nyeusi ni manukato makali na mentholi ya kukupa baridi. Chupa ya dadako ikiwa na viungo vizuri, tumia hiyo.

Dukani kama kuna kijaribio, nawafundisha wateja hivi: paka kidogo nyuma ya kiganja, zunguka dukani dakika kumi, kisha bandika kipande cha tishu na ukiachilie. Kikianguka, mafuta hayo yatavumilika kwenye fukuto. Kikibaki kimenata, waachie wa bara. Ukishanunua, siku za mwanzo yapake chini ya taya upande mmoja tu, uone kama yatakuwasha. Kiasi cha punje ya dengu chatosha uso mzima. Usibadilishe kitu kingine kwa wiki nne, maana ngozi huchukua karibu muda huo kujifanya upya, na ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru.

Kwa mtu wa uwanjani, mafuta bila kinga ya jua ni nusu kazi. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na mawingu ya kusi hayazuii mionzi kama watu wanavyodhani. Weusi wetu unatukinga tusiungue haraka, lakini haulizuii jua kuyakoleza madoa ya vipele. SPF ni kipimo cha kinga hiyo: SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 karibu 98. Chukua ya 30 iliyo nyepesi usiyoona vibaya kuipaka, uipake urefu wa vidole viwili, uso na shingo, baada ya losheni, na uirudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Zile zenye zinki nyingi zitakufanya kijivu. Tafuta isiyoacha weupe. Ukipata losheni moja yenye vyote viwili, asubuhi tumia hiyo peke yake. Ndimu iache kwenye samaki. pH yake ni karibu 2, na ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha baka jeusi la miezi.

Vipele vya shingoni havitibiwi na mafuta peke yake. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha yake kali ikiota inarudi ndani ya ngozi, na mwili unapigana nayo kama mwiba. Pumzika kunyoa wiki nne hivi, ndevu ziote. Halafu mwambie kinyozi wako atumie mashine, aache kama milimita moja, afuate nywele zilivyolala, asivute ngozi, asirudie mara tatu mahali pamoja. Spiriti aipitishe kwenye mashine mbele ya macho yako kabla haijakugusa, si kwenye uso wako baada ya kunyoa. Wateja wengi wanaidai wenyewe, wanaamini kinachochoma ndicho kinachotibu. Mimi naweka taulo lililoloweshwa maji baridi, kisha losheni. Usiku wa pili unaweza kuanza asidi ya salisili ya asilimia 2 sehemu zenye vipele, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kama vipele viko kisogoni na vimeanza kuwa vigumu na vikubwa, hiyo si kazi ya kinyozi wala ya duka. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kabla havijawa makovu.

Mwisho ni hili, na naliandika kwa uchungu kwa sababu naona vijana wakiangamia. Utapelekewa kopo lisilo na maandishi ya maana, au la kung'arisha, na utaambiwa litaondoa madoa kwa wiki moja. Kweli litaondoa. Mkorogo wa namna hiyo mara nyingi una steroidi, haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) au zebaki. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mashine yangu ikipita tu damu inachuruzika, na siku ukiiacha chunusi zinafumka uso mzima. Zebaki inapita ngozini na kuharibu figo. Sheria yetu imezikataza kwenye vipodozi, lakini bado zinauzwa. Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba iliyo chini yake unaweza kuihakiki kwa ujumbe: andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, tuma kwenda 20023. Kama hakuna namba, acha hapo hapo.

Chupa yako usiiache juani wala kwenye buti la gari, joto linaiharibu. Nyuma kuna picha ya kopo lililofunguliwa lenye 6M au 12M, hiyo ni miezi ya kuitumia tangu uifungue, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu. Ukinunua, piga picha ya viungo uiweke hapa chini kabla hujaifungua, nami nitakwambia kama ibaki au irudi dukani.