Kofia mpya ya jino: majibu kwa waliotibiwa mzizi

Wengi mlioandika safari hii mmetibiwa mzizi wa jino, yaani neva za ndani zimetolewa na mzizi ukasafishwa, kisha mkavalishwa kofia, kile kifuniko kinacholifunika jino, na sasa mnavumilia. Katika jambo hili sitaki mvumilie.

Shikamoo daktari. Nimewekewa kofia kwenye gego la chini. Nikifunga mdomo, hilo ndilo linalotangulia kugusana na la juu. Mume wangu anasema nitazoea. Nisubiri? (Mama, Tanga)

Marahaba. Usisubiri. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ugeni tu: ulimi haukomi kulipapasa jino, unaliona nene au laini kupita kiasi. Huo huisha wenyewe baada ya siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. La pili ni hilo lako: kofia imezidi kimo, na kimo hakipungui kwa kuzoea. Jino limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi laini sana, ambazo huhisi hata unywele ukikaa katikati ya meno. Ukitafuna, nguvu iliyopaswa kugawanywa kwa meno yote inaliangukia hilo moja. Nyuzi huvimba, jino huanza kuuma likiguswa, na hata lile la juu linalogongwa huweza kuanza kuuma. Kofia ya kauri nayo inaweza kumeguka.

Huenda siku ile uliulizwa kama iko sawa, ukajibu ndiyo, na hukudanganya. Ganzi ya taya la chini hukaa saa kadhaa, na mwenye ganzi hawezi kujua vizuri meno yake yanakutanaje. Rudi sasa ukiwa huna ganzi. Daktari atakuwekea karatasi nyembamba ya rangi, utaing'ata na kusogeza taya huku na huku. Palipozidi pataacha doa, naye atapapunguza. Ni kazi ya dakika chache, na kwa kawaida haihitaji sindano. Usione haya kurudi, kwani kurekebisha kimo ni sehemu ya kazi ileile. Ila usithubutu kulisugua mwenyewe kwa tupa nyumbani.

Waliniambia neva zimetolewa. Mbona bado nasikia maumivu? (Msomaji, Nakuru)

Zilizotolewa ni zile za ndani ya jino. Nje ya mzizi, zile nyuzi nilizozitaja, mfupa na ufizi vyote vina hisia zake, na vimetoka kusumbuliwa. Maumivu madogo yanayopungua siku hadi siku ni ya kawaida. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na ukihitaji dawa, tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Maji ya baridi yakikuchoma upande huo, mshuku jirani. Jino lililotolewa neva halihisi baridi. Mwambie daktari achunguze lililo kando au la juu yake.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukiona kijipu kwenye ufizi au usaha, rudi mapema kwa daktari wako. Ukivimba uso huku una homa, au ukishindwa kumeza, kupumua au kufungua mdomo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nina kofia ya muda. Naweza kula muwa? (Kijana, Mombasa)

Hapana, wala ubuyu, kashata na chingamu. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, ili itoke kirahisi siku ya kuweka ya kudumu. Ikichomoka, ihifadhi na umpigie daktari. Usiirudishe kwa gundi ya viatu. Usikae hivyo wiki nzima: mate yanaweza kupenyeza vijidudu hadi kwenye mzizi uliokwisha kusafishwa, na meno ya jirani husogea, kofia ya kudumu ikaja kukataa kuingia.

Meno yangu yana rangi ya kahawia kwa sababu ya maji ya kwetu. Kofia niliyowekewa mbele ni nyeupe mno. Itabadilika? (Msomaji, Arusha)

Haitabadilika. Fluoridi nyingi katika maji ya Arusha na Kilimanjaro huacha madoa tangu meno yanapoumbwa, ilhali kauri hubaki na rangi iliyotengenezwa nayo, na dawa ya kung'arisha meno haiigusi. Wenye kofia ya muda, huu ndio wakati wenu: ombeni rangi ichaguliwe kwenye mwanga wa mchana, ikilinganishwa na meno ya jirani. Kama mnataka kuyang'arisha hayo mengine, yatangulie. Wewe zungumza na daktari wako kuhusu kutengeneza nyingine.

Nyama inanasa kando ya kofia kila nikila. Natumia kijiti. (Baba, Dodoma)

Kijiti kinatoa nyama, lakini pengo linabaki. Kofia inapaswa kugusana na jirani yake kiasi kwamba uzi wa meno unapita kwa kubana kidogo. Ukipita bila kugusa popote, mwonyeshe daktari, maana kofia yenyewe haiozi, ila jino lililo chini yake huoza, na huanzia pale ukingoni karibu na ufizi, mahali hasa chakula kinapolala. Huenda ikabidi itengenezwe upya. Hadi siku hiyo, pitisha uzi kila usiku, na piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye fluoridi.