Kabla Hujampeleka Mgeni Kamalondo: Kwa Mnaoanza Kazi ya Utalii Lubumbashi

Vijana wanaoanza kuongoza wageni hapa mjini huniuliza kwanza habari za lugha: Kiingereza nijifunzie wapi, Kifaransa changu kinatosha? Lugha itakuja. Kinachoharibu kazi hii mapema ni kumfikisha mgeni mlangoni kwa watu ambao hamjapatana nao lolote. Mgeni anapiga picha, anauliza maswali, labda ananunua kitu kimoja baada ya kuvutana bei, kisha anaondoka. Wewe umeshalipwa, mama aliyeacha kazi zake ili awaeleze mambo amebaki mikono mitupu. Mkirudi mara ya tatu mtakuta mlango umefungwa, na atakuwa na haki.

Tazameni Kamalondo. Wageni wengi wanakwenda kule kwa ajili ya uwanja wa Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na ambayo mwaka 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ikapambana na Inter Milan. Wanashuka kwenye gari, wanapiga picha getini, wanapanda tena. Mtaa mzima wenye wazee, mafundi, wapishi na hadithi zake unapitwa kwenye dirisha la gari. Kazi yenu ni kumfanya mgeni ashuke, atembee, akae, ale, na kila aliyemhudumia apate chake.

Kwa hiyo anzeni na mapatano, tena nendeni bila mgeni. Pitieni kwa shefu wa mtaa mumsalimie kama inavyopasa, halafu ombeni kukaa na watu wenyewe. Msiishie kwa mkubwa peke yake, maana mapatano ya mtu mmoja hayavuki ua wake. Yanayozungumzwa ni machache, lakini yasemwe mbele ya wote: mgeni analipa kiasi gani kwa jumla, anayemwongoza anachukua kiasi gani, anayempokea nyumbani au kazini anapata kiasi gani, na kiasi gani kinaingia kwenye mfuko wa kikundi. Tajeni jumla yote. Mkiificha, ipo siku mgeni mwenyewe ataitaja akiwa mezani, na hapo hamtakuwa na la kujibu. Patana pia juu ya mgeni asiyetokea. Mama aliyekwisha kununua kapenta (dagaa), sombe (majani ya muhogo) na unga wa bukari (ugali) hawezi kubeba hasara ya mgeni aliyebadilisha safari, kwa hiyo chukueni malipo ya awali na sehemu ya fedha hizo iwe ya jiko.

Daftari lishikwe na akina mama. Wengi wao wameendesha likelemba, yaani mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, kwa miaka, wanajua nani ametoa, nani bado, zamu ni ya nani, na hawamwonei mtu aibu kumkumbusha. Fedha igawanywe siku ileile, kabla hujaondoka mtaani.

Linalofuata ni nani anayesimulia. Mji huu una historia nzito. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa hapa mjini, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito walishushwa uwanja wa ndege wa Luano, na usiku ule ule wakauawa porini nje ya mji. Shilatembo pana kumbukumbu yao. Mambo haya unaweza kuyasoma na kuyakariri ukayasema vizuri. Lakini mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, aliyelelewa kwenye kambi ya wafanyakazi, ambaye baba yake alimweleza mgomo ule, akizungumza robo saa tu mgeni anaelewa zaidi. Mlipeni kama mwalimu anavyolipwa, na mwacheni achague asilotaka kusema. Mgeni akiendelea kuchokonoa, wewe ndiwe wa kumzuia, si mzee. Picha vilevile: ziulizwe kabla, na jibu la hapana lisijadiliwe.

Sasa mafunzo. Nimeona mengi ya aina moja: hoteli ya katikati ya mji, siku nzima kwa Kifaransa, washiriki wanapewa nauli na cheti, na wiki inayofuata mtaani hakuna kilichobadilika. Muuza mboga hawezi kupoteza siku nzima ya soko, na mwenye mtoto mgongoni hakai saa sita kwenye kiti cha ukumbi. Fundisheni mtaani, kwa Kiswahili, saa mbili tu, wakati ambao watu wenyewe wamesema wana nafasi, na muda wao ulipwe. Fundisheni kwa kutenda: leo tunapokea watu wanne, anayewakaribisha ni nani, maji ya kunawa yako wapi, choo kikoje, bei imeandikwa wapi?

Na msiwageuze watu wawe kitu kingine. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili; kila mmoja aliachwa achore alivyoona. Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi iliyopangana, Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na wanyama kwa namna ambayo huwezi kuichanganya na ya mwingine. Ninalichukua hilo kama kipimo cha mafunzo yetu. Mama anayesimulia huku akisonga bukari aachwe asimulie huku akisonga. Msimsimamishe ukutani na karatasi mkononi.

Nataka nikae kidogo kwa watu wenye ulemavu, kwa sababu huku ndiko tunakobaki nyuma zaidi. Nchi yetu ina sheria ya Mei 2022 inayolinda haki zao, na utalii wetu haujaisikia. Tukiwataja, huwa tunamfikiria mgeni tu. Mimi nasema waanze kuwa mabwana wa kazi.

Kuna fundi wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, ninayefanya naye kazi. Hasikii tangu utotoni. Wageni wakifika, anachukua jiwe ghafi, la kijani kilichofifia, analitia maji, anaanza kulisugua juu ya msasa uliolowa. Maji hayaachwi kamwe, kwa sababu vumbi la jiwe hili lina shaba na ni sumu kifuani. Anaonyesha kifua, anakunja uso, kila mtu anaelewa. Kisha anapangusa kwa kitambaa na mistari ya duara inajitokeza, kijani cheusi na kijani cheupe, mmoja ndani ya mwingine. Anampa mgeni msasa, anamshika kiganja, anamwonyesha uzito wa kukandamiza. Tulichohitaji ni mkalimani wa lugha ya ishara kwa maswali marefu, na mkalimani huyo yumo kwenye bei tangu mwanzo.

Kwa mgeni, jifunzeni haya mpaka yawe mazoea. Asiyeona usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, tangulia nusu hatua, mwambie ngazi inapanda au inashuka. Mpeni vitu vya kushika: jiwe ghafi na lililong'arishwa, au msalaba wa shaba uliofuliwa na mafundi wa leo kwa mfano wa ile iliyotumika zamani kama fedha katika Katanga. Asiyesikia mwangalie usoni unaposema. Mwenye kiti cha magurudumu muulize kabla ya kukisukuma. Pimeni milango kabla ya siku ya ziara. Sentimita 80 za uwazi zinatosha viti vingi. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa karibu mita 1.8, na seremala wa mtaa anautengeneza kwa mbao. Alipwe kutoka mfuko wa kikundi.

Wageni wenu wa kwanza wawe watu wa Lubumbashi wenyewe. Wapo watoto wengi Katuba na Kenia ambao hawajaingia makumbusho ya taifa wala bustani ya wanyama. Wekeni bei yao, zungumzeni na shule na parokia, pangeni Jumamosi. Mama wa Ruashi akila chakula cha mama wa Kamalondo atasema wazi chumvi imezidi, jambo ambalo mtalii wa Ubelgiji hatalisema. Na utalii unaotegemea ndege peke yake unakatika siku ndege zinapokatika.

Ratiba yenu ianze Mei, mvua zikishakwisha. Kuanzia Novemba avenyu nyingi zisizo na lami zinakuwa tope, na kiti cha magurudumu hakipiti. Miezi hiyo tumieni kwa mazoezi, kurekebisha vizingiti na kupatana upya bei za mwaka unaofuata.