Haina ukuta, haina mkia, inaogeleaje?

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni mkulima huku Chwele, Bungoma. Kijana wangu wa sekondari amekuja likizo akaniambia ati kuna bakteria haina ukuta wala mkia na bado inaogelea, tena ndio imedumaza nepia yangu, majani yamekuwa madogo, ya njano, ng'ombe hashibi. Ni kweli ama ananipiga chenga? Na penisilini ya ng'ombe iliyobaki, nikiimwagia shina itasaidia?

JIBU: Mzee, kwa kuogelea kijana amesema kweli. Kwa nepia amechanganya, lakini si mbali.

Hiyo bakteria inaitwa spiroplasma. Unene wake ni kama maikromita 0.2, urefu maikromita chache tu (milimita moja ina maikromita 1000, sasa piga hesabu), mwili wote umejisokota, na kwa nje ina utando laini peke yake. Bakteria nyingi zinazoogelea huzungusha mkia ulio nje ya mwili, hii injini yake iko ndani kabisa, chini ya utando kuna utepe wa protini unaofuata ule msokoto mbele mpaka nyuma. Protini zenyewe ni Fib na MreB, na MreB ni ndugu ya aktini, ile iko kwa misuli yako ukishika jembe.

Sasa angalia inavyofanya. Ushaona waya ya simu ya mezani ya ofisi, inajizungusha vizuri upande mmoja halafu mahali fulani ghafla inageuka upande mwingine, na hapo panakuwa na kona? Spiroplasma inajifanyia hiyo kona yenyewe. Msokoto unageuka kuanzia mbele, kona inateremka mwilini kwenda nyuma, na muda si muda mbele inarudia msokoto wake wa kwanza, kona ya pili inaifuata ile ya kwanza. Kona zikipita mwili unazunguka, maji yanasukumwa nyuma, yenyewe inasonga mbele. Utafiti uliotoka 2005 kwa jarida la Cell ulionyesha hizi kona mbili mbili zikikimbia mwilini. Mwendo ni kama maikromita 3 kwa sekunde, yaani milimita moja ni zaidi ya dakika 5, usicheke, kwa mwili wa kadiri hiyo ni mbio.

Kitu kinanifurahisha ni hii MreB. Kwa bakteria za kawaida zenye umbo la fimbo kazi yake ni kuelekeza ujenzi wa ukuta, sasa huyu hana ukuta na bado ameiweka, tena kwa spiroplasma kadhaa ziko aina 5! Mwaka 2022 watafiti wa Japani wakiwa na Makoto Miyata wakachukua seli ya maabara iliyopunguzwa jeni mpaka zikabaki chache sana, seli ya mviringo isiyoogelea, wakaipatia MreB aina 2 tu. Ikajisokota, ikaogelea. Fib haikuwepo, kumbe mwendo unaweza kutoka kwa MreB peke yake.

Turudi shambani. Spiroplasma citri inaishi kwa mirija ya utomvu ya michungwa, inadumaza mti, na husambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani. Nepia kudumaa huku magharibi kunaletwa na fitoplasma, wa ukoo huo huo, nayo haina ukuta na inakaa mirija hiyo hiyo, lakini haijajisokota wala haiogelei, inabebwa tu na utomvu na wadudu. Hapo ndipo kijana alichanganya.

Penisilini wachana nayo. Dawa hiyo huzuia bakteria kujenga ukuta, na hapa hakuna ukuta wa kuzuia, utapoteza dawa bure. Ng'oa shina lililougua na mizizi yake, na usikate vipande vya kupanda hapo hata kama upande mmoja unaonekana kijani, ugonjwa unasafiri ndani ya hivyo vipande, na jirani akikuomba mbegu mwambie ukweli.