Ukurasa wa 404 na kurasa za kumbukumbu: usiziache kama zilivyokuja

Mtu akiniomba nimtazamie blogu yake, sianzi na ukurasa wa mbele. Huo najua ameshaupamba mpaka basi. Naandika anwani yake, naweka mkwaju (/), naongeza herufi za ovyo kama "asdfgh", halafu nabonyeza. Mara nyingi blogu ambayo ni ya Kiswahili mwanzo mwisho inanijibu kwa Kiingereza kwamba ukurasa haupo, inanipa kisanduku cha kutafutia chenye kitufe cha Kiingereza, basi, imemaliza. Huo ndio ukurasa wa 404, namba ambayo seva hutoa kitu kisipopatikana.

Mimi naendesha blogu ya mapishi kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na nimewatengenezea wenzangu kadhaa za kwao. Wasomaji wetu wengi hawapitii mlango wa mbele. Wanatoka Google, au kwenye kiungo kilichorushwa katika kundi la WhatsApp la familia. Kiungo kikikatika wakati wa kunakiliwa, msomaji anaangukia 404, na kama hapo hakuna pa kwenda, anaondoka.

Kwangu ukurasa huo una vitu vitatu: sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida ("Samahani, ukurasa huu haupo. Huenda kiungo kimekatika au tumeuhamisha."), kisanduku cha kutafutia, na viungo vichache vya mapishi yanayosomwa sana. Sina mchoro wa roboti anayelia. Msomaji anatumia bando lake, na picha nzito ya kumwambia kwamba amekosa ni kumtoza mara mbili.

Na tafadhali, usiweke ile programu-jalizi (plugin) inayopeleka kila kiungo kibovu kwenye ukurasa wa mbele. Aliyebonyeza akitaka pilau ya nyama atajikuta mbele ya biskuti za nazi, na hatajua kama amekosea yeye au wewe. Google nayo inaweza kuhesabu uhamisho wa namna hiyo kuwa 404 bandia, yaani ukurasa uliokosekana unaojifanya upo, kwa hiyo hata huko hupati kitu. Ukifuta chapisho na lipo jingine la kushika nafasi yake, elekeza kiungo hicho kimoja kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu. Kama halipo, acha 404 ijibu. Ukibadilisha tu maneno ya mwisho ya kiungo cha chapisho lililokwisha kutoka, huna haja ya kuhangaika: WordPress hulikumbuka jina la zamani na kumpeleka msomaji yenyewe.

Namna ya kuubadilisha inategemea mandhari (theme, muundo wa sura ya blogu) unayotumia. Kwa mandhari za zamani, faili ni 404.php. Inakili kwenye mandhari mtoto, ile inayorithi ya asili, ndipo uihariri, maana ukigusa ile ya asili, sasisho linalofuata litafuta kazi yako yote. Kwa mandhari za vipande (block themes), zilizoshika kasi tangu toleo la 5.9 la Januari 2022, unafungua kihariri cha tovuti, unachagua kiolezo cha 404 na kuandika humo humo bila kugusa msimbo. Mabadiliko hayo hukaa kwenye hifadhidata, kwa hiyo sasisho la mandhari haliyafuti.

Kurasa za kumbukumbu ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa sababu hukuzitengeneza wewe. WordPress inazizalisha yenyewe: za mada, za lebo, za mwandishi, za mwezi na za mwaka. Aibu ya kwanza ni kichwa kama "Category: Vitafunio". Tangu toleo la 5.5 neno hilo la mbele linaondoka kwa mstari mmoja kwenye functions.php ya mandhari mtoto:

add_filter( 'get_the_archive_title_prefix', '__return_empty_string' );

Kisha nenda kwenye orodha ya mada ujaze sehemu ya maelezo, ambayo karibu kila mtu huiacha tupu. Mandhari nyingi huyaonyesha chini ya kichwa. Kwenye Vitafunio niliandika kwamba humo mna kaimati, katlesi, bajia na vileja, na kwamba vinavyohitaji oveni nimevitia lebo yake. Mgeni anajua mara moja amefika wapi.

Za miezi nimeziondoa kwenye menyu. Nani anatafuta kaimati kwa "Machi 2019"? Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, hivyo mapishi ya futari yametawanyika kwenye miezi tofauti, na kumbukumbu za tarehe haziwezi kuyakusanya. Mada ya "Futari" inayakusanya yote. Blogu ya habari ni kesi nyingine, huko tarehe ina maana. Na kama unaandika peke yako, ukurasa wa mwandishi unarudia tu ukurasa wa mbele. Uzime.

Usipotumia WordPress, kwenye seva ya Apache mstari wa ErrorDocument 404 /404.html ndani ya faili ya mipangilio ya .htaccess unatosha. Andika njia fupi hivyo hivyo. Ukiweka anwani kamili yenye https, seva itamhamisha msomaji badala ya kumjibu, na ile namba 404 haitatoka kabisa. Hakikisha kwa amri ya curl -I ukifuatisha kiungo cha uongo: mstari wa kwanza uwe na 404. Ukiona 200, namba ya kusema kitu kimepatikana, ukurasa wako mzuri unaiambia Google kwamba kila kitu kipo.

Mwisho, washa orodha ya makosa (log), inayoandika kila kiungo kilichokosekana; programu-jalizi ya Redirection inayo. Usishtuke kwa wingi wake. Sehemu kubwa ni roboti zinazopapasa faili za siri za mipangilio kama .env ambazo hujawahi kuwa nazo, ziruke. Tafuta mistari inayofanana na machapisho yako: kiungo chenye nukta mwishoni, jina la pishi lililokosewa herufi, picha uliyoihamisha. Hizo zitengenezee 301 moja moja, ukianza na zinazojirudia.