Utando unapasuka, na protoni hazipiti

Mkuu, umesema utando wako wa zirkoneti ya bariamu yenye itriamu (kauri ya kupitisha protoni, yaani viini vya hidrojeni) unapasuka ukichomwa, na hata ukiwa mzima haupitishi protoni vizuri. Hayo ni matatizo mawili.

Nyufa ni rahisi: unapaka nene mno. Paka tabaka jembamba, likauke polepole, ulichome, ndipo urudie.

Kazi iko kwenye tatizo la pili, la protoni, na mshukiwa ni bariamu. Karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi inatoroka kama mvuke, na utando mwembamba hauna akiba. Zungushia sampuli unga wa mchanganyiko uleule, kwenye chungu chenye mfuniko. Oksidi ya nikeli kidogo husaidia chembe kushikana kwa joto la chini zaidi. Ukiweka seriamu nyingi badala ya zirkoniamu, utando hupitisha protoni vizuri zaidi, ila kaboni dioksidi huushambulia.

Chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu, na vumbi la oksidi ya nikeli husababisha saratani. Kabla ya kusaga, muone msimamizi wa maabara.