Nyonga kwanza, mikono baadaye: mazoezi kwa anayeanza gofu

Mkuu, umeuliza kama mazoezi ya mwili yatakunyooshea swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo unapopiga mpira, maana uko Mtwara, fimbo unaishika ukienda Dar tu, mpira unakukatia kulia na jioni yake kiuno kinauma. Yatasaidia sana, ila inategemea unafanya yapi. Nimekuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, Dar kabla ya kuhamia huku, na sasa nasimamia mazoezi ya jioni ufukweni Shangani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kedi anaona asichokiona mchezaji. Mtazame mzoefu akimaliza pigo: kifungo cha mkanda kinatazama kule mpira ulikokwenda, uzito wote uko mguu wa kushoto kama anapiga kwa kulia, na anaweza kubaki hapo bila kuyumba. Anayeanza, kifungo bado kinatazama pale mpira ulipokuwa. Nyonga hazikuzunguka, mikono imefanya kazi peke yake, na mzigo umebaki kiunoni. Pingili tano za uti wa mgongo zilizo kiunoni hazikuumbwa kwa kujizungusha sana. Hiyo ni kazi ya nyonga na pingili 12 za kifua.

Kwa hiyo vyuma vya kifua na mikono viache kwanza. Mpira wenyewe haufiki gramu 46! Unachotafuta ni kasi ya kichwa cha fimbo, na kasi hiyo huanzia miguuni, ikapanda nyongani, kifuani, mikononi, ndipo ikafika kwenye fimbo. Ikianzia mabegani, fimbo hushuka kutoka nje kuja ndani, yaani ikikatiza kuelekea upande wako, na uso wake ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia kwa njia hiyo, mpira lazima ukate kulia.

Jipime leo. Kaa juu ya meza miguu ining'inie, bana magoti, kisha tanua nyayo kwenda nje. Kama unapiga kwa kulia na mguu wa kushoto unagoma, anzia hapo. Kaa sakafuni, magoti juu, nyayo mbalimbali, viganja nyuma yako, ulaze magoti yote kushoto, kisha kulia, polepole, kila siku. Halafu piga magoti na viganja kama mtu anayesugua sakafu, weka mkono mmoja kisogoni, na ufungue kiwiko kuelekea dari huku kiuno kimetulia.

Kuinama nako kunafundishwa. Chukua mpini wa fagio, uulaze mgongoni uguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa juu ya makalio, kisha inama kwa kusukuma makalio nyuma. Mpini ukiachia sehemu moja, rudia. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kusimama mbele ya mpira.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la mfuko wa mchanga wa kilo 2 au 3. Maji yakikupwa, mchanga wa Shangani unakuwa mgumu wa kutosha kukanyagia. Simama ubavu kwa kule unakotupa, geuka nyuma na mfuko, kisha anza kwa nyonga na uutupe mbali. Mara nane, pumzika, geuza upande. Usiuache upande wa pili, kwa sababu gofu inauzungusha mwili upande mmoja tu. Kuna ndugu yangu mmoja anayekaa kutwa kwenye mizani ya ghala la korosho. Msimu ukianza Oktoba hata kusimama ni shida. Alishikilia zoezi hili na lile la magoti, na alipokwenda Dar baada ya msimu, kedi wake alimwambia sasa anamaliza pigo akiwa amesimama imara.

Kabla ya kupiga, pasha mwili kwa kutembea na kuzungusha nyonga, usikae unanyoosha misuli muda mrefu. Mazoezi haya fanya baada ya alasiri, jua la Novemba huku si la mchezo. Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha yote, nenda hospitali ya Ligula ukaonwe na daktari kwanza.

Mshiko wa fimbo hautatengenezwa na mazoezi haya. Huo mpelekee mwalimu ukifika kwenye viwanja vya gofu vya Dar, Lugalo au Gymkhana, na umwombe akutazame kifungo cha mkanda. Ukishajipima pale mezani, niambie mguu upi umegoma nikupangie wiki ya kwanza.