Dume akimwandama jike tangini, mtoe dume

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta samaki wangu jike amejibana kwenye kona ya juu ya tangi, nyuma ya bomba la pampu. Pezi la mkia limechanika, mashavu yanakwenda mbio, na chakula nilichotia hakukiangalia hata kidogo. Mwenzake alikuwa chini anayazunguka mawe yote kana kwamba amekabidhiwa hati ya kiwanja. Nililia moyoni, maana niliwanunua hao wawili ili wawe mume na mke.

Ni vitatange wadogo wa mgongo wa chungwa, ambao wataalamu huwaita Centropyge acanthops. Ni samaki wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwili ni buluu iliyokolea, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, na akikua sana hufika kama sentimita 8. Kwa udogo huo mtu hudhani ni mpole. Si mpole.

Kosa nililifanya siku ya kununua. Nilichagua wawili waliolingana kimo, nikiona wanapendeza pamoja. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Katika kundi, aliye mkubwa na mwenye nguvu hugeuka dume na kuwatawala wengine, na akitoweka, jike mkubwa anayefuata hushika nafasi yake. Kwao kimo ndicho cheo. Ukiwaweka wawili waliolingana, hakuna anayekubali kuwa mdogo, na lazima wapigane mpaka mmoja akubali. Baharini anayeshindwa huogelea mita chache, akajificha kwenye jiwe jingine, ugomvi ukaisha. Katika tangi langu la lita 200 angekwenda wapi?

Nikafanya kosa la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nilimtoa jike. Nilimhurumia, nikamweka peke yake kwenye tangi dogo la akiba, nikamlisha vizuri, mkia ukaota upya. Baada ya wiki tano nikamrudisha. Vita vilivyofuata vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza, na safari hii hakukimbia: alitanua mapezi yote, akasimama ubavu kwa ubavu na mwenzake.

Nilipotulia nikaelewa. Kwa wiki tano yule dume hakuwa na mpinzani, kila pango limekuwa lake. Na jike niliyemtenga hakuwa na dume wa kumtawala, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubaki jike. Kugeuka huko huchukua wiki chache tu. Naamini niliyemrudisha hakuwa jike tena, au alikuwa njiani kugeuka. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimetengeneza madume wawili. Ilibidi mmoja nimpe rafiki mwenye tangi lisilo na kitatange.

Kwa hiyo nakusihi, anayetolewa awe yule mkorofi. Na usimpeleke mbali. Mimi sasa natumia sanduku la plastiki angavu lililotobolewa matundu mengi, linaning'inia ndani ya tangi lilelile. Dume akikaa humo siku saba mpaka kumi, jike anapata nafasi ya kuzoea mapango na kula bila hofu, na bado anamwona dume kila siku. Kabla ya kumfungulia, panga mawe upya. Akitoka anakuta mtaa mwingine, hajui pango lipi ni lake, na shughuli ya kuchunguza humpunguzia hasira.

Mapango yawe mengi, na mengine yawe membamba kiasi kwamba mdogo anapita na mkubwa hapiti. Tafadhali usiende kuvunja matumbawe kwa ajili hiyo. Magae ya vyungu vya udongo ambavyo havijapakwa rangi, yakioshwa vizuri, yanafanya kazi hiyohiyo, na baada ya muda mwani huota juu yake. Huo mwani ni muhimu, kwa sababu samaki hawa hudonoa mchana kutwa. Ukiwalisha mara moja tu kwa siku, wanabaki na njaa na muda wa kugombana. Mimi hulisha mara tatu, kidogo kidogo.

Jozi niliyo nayo sasa nilianza nayo vingine. Jike aliingia kwanza akiwa na sentimita 4 hivi, akakaa wiki mbili. Ndipo nikamleta wa sentimita 7, akapitia kwenye sanduku kwanza. Alipofunguliwa alimkimbiza yule mdogo kwa siku mbili, mdogo akainama na kumpisha, wakaelewana.

Si kila kukimbizana ni ugomvi. Jua likizama, au taa zikianza kufifia, dume huenda mbio mbele ya jike, hutanua mapezi, kisha humsukuma tumboni kwa mdomo wakipanda pamoja. Huo ni uchumba, waache. Cha kuogopa ni kumkimbiza mchana kutwa, mapezi yaliyochanika, jike kukaa juu ya maji na kususia chakula.

Ukimkamata, usitumie kimia. Vitatange wana mwiba shavuni, nao hunasa kwenye nyuzi, na kumnasua ni kumuumiza. Mimi huliacha lile sanduku ndani ya maji likiwa wazi, na kipande cha mwani mkavu kimefungwa humo tangu siku ya kwanza. Mkorofi huwa wa kwanza kuingia kula, nami hufunga mlango tu.